Damu Iliyofika Imechoka: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Afya wa Kaunti za Ziwa

Kwa Waheshimiwa mawaziri wa afya wa kaunti za ukanda wa ziwa, na kwa wakuu wa mpango wa taifa wa kifua kikuu, ukoma na magonjwa ya mapafu.

Waheshimiwa,

Salamu nyingi kutoka Kisumu. Mimi ni mtu wa maabara, mmoja wa wale ambao mgonjwa huwajua kwa dirisha dogo na sauti inayoita jina. Sina mazoea ya kuwaandikia wakubwa. Ila kuna sanduku lililonifikia jioni moja, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiitunga barua hii kichwani, kwenye matatu, jikoni, hata kanisani mahubiri yakiwa yanaendelea.

Sanduku lenyewe ni lile la plastiki la kubebea chanjo. Lilitoka kisiwa cha Mfangano. Lilivuka kwa boti hadi Mbita, likapanda feri hadi Luanda Kotieno, kisha likapakiwa kwenye matatu kupitia Ndori mpaka hapa mjini. Ndani mlikuwa na mirija ya damu ya watu sita, minne kwa kila mtu, na majina yameandikwa kwa mwandiko safi wa sista ambaye bila shaka alijitahidi. Katikati ya mirija mlikuwa na barafu, bado ngumu.

Aliyelipakia sanduku lile alifanya alivyofundishwa. Damu huwekwa kwenye baridi, ndivyo sote tulivyoambiwa tangu chuoni. Hata mama anayeuza ngege pale Dunga anajua kwamba kitu kilichotoka mwilini kikipigwa na jua la Kisumu kimekwisha. Lakini kwa mirija ile ya kipimo cha TB kiitwacho QuantiFERON, barafu ndiyo iliyoharibu. Damu ilitakiwa inifikie ikiwa hai na macho, nayo ilinifikia imechoka.

Nizungumzie kipimo chenyewe kidogo, kwa sababu nimegundua kwamba hata baadhi ya wanaokiagiza hawajui kinafanya nini.

Vipimo vya TB mnavyovijua zaidi humtafuta mdudu. Darubini humtafuta kwa macho, GeneXpert hutafuta vinasaba vyake kwenye makohozi, na maabara za kuotesha humlisha mpaka aonekane. Hiki ninachokizungumzia hakimtafuti mdudu hata kidogo. Kinaziuliza seli za kinga kama zimewahi kukutana naye. Tunachukua damu mbichi, tunaiweka kwenye mirija ambayo kuta zake zimepakwa vipande vya protini za bakteria wa TB, hasa zile ziitwazo ESAT-6 na CFP-10, halafu tunaiweka kwenye inkubeta yenye joto la nyuzi 37, sawa na la mwili, kwa saa 16 hadi 24. Seli iliyowahi kupambana na mdudu huyo inamtambua, inashtuka, na kumwaga kemikali ya kuwaita wenzake iitwayo intaferoni-gama. Kesho yake tunapima kemikali hiyo imemwagwa kiasi gani.

Mirija ni minne. Wa kwanza hauna kitu, ni wa kulinganishia. Miwili ina zile protini. Wa nne una kichocheo kinachoweza kuiamsha karibu seli yoyote ya kinga iliyo hai, awe mtu ana TB au hana. Huo wa nne ni kama mwalimu anayeita majina kabla ya mtihani: darasa zima lisipoitika, hakuna sababu ya kusahihisha karatasi. Matokeo yake huandikwa "haijulikani".

Shida, waheshimiwa, iko katikati. Seli iliyokufa haijibu, na hilo mrija wa nne utalifichua. Seli iliyochoka hujibu kwa kunong'ona. Inaweza kuitika jina lake vizuri tu kwa kile kichocheo kikali, halafu ikashindwa kupaza sauti mbele ya protini za TB. Mashine nayo haijui tofauti ya mnong'ono na kimya. Mstari umechorwa kwenye yuniti 0.35 kwa mililita. Ukiwa chini ya hapo na mrija wa nne umeitika, karatasi inaandikwa "hana".

Mmoja wa watu wale sita alikuwa msichana wa miaka 9. Babake alikuwa amepatikana na TB ya mapafu kwa GeneXpert, na dawa za kuzuia zilikuwa haba kituoni mwezi huo, wakapewa wadogo kwanza. Kwa kanuni nilipaswa kulikataa sanduku zima. Nililitazama, nikaifikiria ile feri, nikamfikiria sista, nikawafikiria wazazi waliopoteza siku ya kazi, nikaipima damu. Kosa hilo ni langu na sijalisahau. Watatu walitoka "haijulikani". Mtoto yule alitoka "hana", na mrija wake wa nne ulivuka mstari almanusura. Niliandika pembeni kwamba sampuli ilifika kwenye barafu, damu irudiwe. Maneno yangu ya pembeni hayakusafiri. Kwenye ujumbe wa simu uliokwenda kisiwani liliingia neno moja tu, "hana".

Miezi minne baadaye alirudi na tezi zimevimba shingoni. Siwezi kuapa kwamba ni barafu iliyomponza. Kipimo hiki hukosea hata kikifanywa kwa kanuni zote. Ninachoweza kuapa ni kwamba karatasi yangu iliwapa watu uhakika ambao damu ile haikuwa nao.

Sasa mtaniuliza kwa nini tuhangaike na kipimo chenye madeko namna hii. Sababu iko kwenye mikono yetu. Utazame mkono wako wa kushoto, sehemu ya mbele, na huenda ukaona kovu dogo la BCG, chanjo ya TB, kama wengi tuliochanjwa utotoni hapa Kenya. Kipimo cha kale cha ngozi, kile cha kuchomwa tuberkulini na kurudi baada ya saa 48 hadi 72 ili uvimbe upimwe kwa rula, kinaweza kudanganywa na chanjo hiyo. ESAT-6 na CFP-10 hazimo kwenye bakteria wa BCG, kwa hiyo seli za damu haziwezi kuchanganya chanjo na ugonjwa. Isitoshe, mgonjwa anachomwa mara moja tu, harudi kusomwa mkono. Kwa mvuvi ambaye keshokutwa atakuwa kwenye maji ya kisiwa cha Remba, hilo si jambo dogo.

Tena kipimo hiki si kigeni kwa Wakenya. Mtoto wa miaka 2 hadi 14 anayehamia Marekani na wazazi wake hupimwa hivyo kabla ya kupewa viza, na hupimwa vizuri, kwenye kliniki yenye inkubeta yake na jenereta yake. Mtoto wa mtaa wa Kondele hapa Kisumu anayekwenda Texas anaulizwa kwa makini seli zake zinajua nini. Mtoto wa Kondele anayelala chumba kimoja na babu anayekohoa, yeye hupimwa kwa kukadiriwa tu. Sisemi hivi kwa wivu. Nasema kwa sababu ni ushahidi kwamba tatizo si kipimo wala si Kenya.

Twende basi kwenye safari ya damu kutoka mshipani hadi kwenye inkubeta, maana ndiko matokeo mengi yanakoharibikia, na ndiko bajeti zenu haziangalii.

Kwanza ni mwinuko. Mirija hii hujaa yenyewe kwa sababu ndani yake hewa imetolewa. Inafyonza mililita moja na kuacha. Nguvu ya kufyonza hutegemea mgandamizo wa hewa ya nje. Ndiyo maana mtengenezaji wa QuantiFERON ana aina mbili za mirija: moja ya kutumika kuanzia usawa wa bahari hadi mita 810, nyingine ya mita 1,020 hadi 1,875. Kisumu iko mita zaidi ya 1,100. Nakuru iko karibu na 1,850, ukingoni kabisa. Kericho na Eldoret zimepita hata hiyo aina ya pili. Sasa nchi hii ina Mombasa na ina Eldoret, na nimewahi kupokea katoni ya mirija ya pwani hapa juu, imekuja na karatasi zote zimepigwa muhuri. Hakuna aliyeiba kitu. Aliyeagiza aliona jina la bidhaa, hakuona mita. Damu ikiingia chini ya mililita 0.8, uwiano wake na zile protini unavurugika, na hapo ushaharibu kipimo kabla mgonjwa hajateremsha mkono wa shati.

Pili ni joto. Mirija mitupu inatakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 4 na 25. Ikishajazwa damu, ikae kati ya nyuzi 17 na 27 hadi iingie inkubeta, na isipitishe saa 16. Mchana wa Kisumu hufika nyuzi 29 au 30 bila kuomba ruhusa. Stoo yenye paa la mabati pale Ahero au Muhoroni sitaki hata kuitaja. Kwa hiyo msafirishaji ana balaa mbili: akiweka barafu anakosea, akiacha kwenye boksi la nyuma ya pikipiki anakosea. Tumemuwekea mtego halafu tunamlaumu kwa kunaswa.

Tatu ni mkono wa mtu. Mirija hutikiswa mara 10, kiasi cha damu kuupaka ukuta wote wa ndani kwa sababu protini zimekaushiwa pale. Si kama mtu anayekoroga uji wa harambee, wala si kuigeuza mara mbili kwa adabu. Jambo hili hufundishwa kwa dakika tano mbele ya kiti cha kutolea damu, halihitaji semina ya siku tatu hotelini.

Nne ni stima. Inkubeta haina maana kama usiku stima imepotea saa nane na kurudi alfajiri. Nimewahi kufungua asubuhi nikakuta nyuzi 31, na kwenye daftari hakuna alama yoyote kwamba usiku kulitokea jambo. Kipimajoto chenye kumbukumbu, kinachoandika chenyewe usiku kucha, kingeniokoa aibu hiyo.

Waheshimiwa, hapa ndipo ninapotaka mnisikilize zaidi, kwa sababu dawa ya sehemu kubwa ya hayo yote ipo tayari na imeandikwa kwenye maelekezo ya kipimo chenyewe. Si lazima damu iingie moja kwa moja kwenye ile mirija minne. Inaruhusiwa ichukuliwe kwenye mrija mmoja wa kawaida wenye heparini ya lithiamu ya kuzuia damu isigande, ule wa kifuniko cha kijani ambao tunao kwenye droo, halafu igawanywe maabara, mililita moja moja, kwa pipeti. Ikichukuliwa hivyo, inaweza kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 kwa saa 48, mradi isitoswe kwenye baridi mara tu inapotoka mshipani.

Hebu tazameni maana yake. Sanduku lile lile la chanjo. Boti ile ile, feri ile ile. Baridi ambayo ilikuwa adui inageuka kuwa rafiki, ikipangwa kama tunavyopanga chanjo, barafu isiguse mrija. Suala la mwinuko linakwisha kwa sababu hakuna tena mrija unaotegemea kufyonza, iwe Kericho iwe Usenge. Sista anajaza mrija mmoja badala ya minne, na mtoto hachomwi mara ya pili kwa sababu wa tatu umekataa kujaa. Kugawanya na kutikisa kunafanywa na mtu mmoja aliyezoea, kwenye meza moja. Siku ya kusafirisha, badala ya kuwa mbio za kufa na kupona, inakuwa siku mbili za utulivu.

Kwa vituo vyenye maabara ndogo kuna njia nyingine, ya kuipeleka inkubeta aliko mgonjwa. Inkubeta za mezani zipo, zinakaa hata kwenye kona ya chumba cha darubini, na betri ya sola inaweza kuzishikilia usiku. Damu ikishakaa saa zake kwenye nyuzi 37, kazi ya seli imekwisha, zimeshasema la kusema. Kuanzia hapo mirija inaweza kusubiri hadi siku tatu, kwenye joto la nyuzi 4 hadi 27, kabla ya kuzungushwa kwenye mashine na plazima, yaani maji ya damu, kutengwa. Mbita, Bondo, Webuye, Mbale ya Vihiga, hizo ni sehemu ambazo ningeanzia. Hospitali za hapo zikamilishe nusu ya kwanza, sisi tumalize nusu ya pili.

Na nusu ya pili isifanywe kila mahali. Sahani moja ya kupimia ina vishimo 96. Ukitoa vya kulinganishia, inabaki nafasi ya watu 22 tu. Hospitali moja ya kaunti ndogo itasubiri wiki kadhaa kuijaza, au itapima watu watano na kutupa nafasi iliyobaki. Kaunti 14 za ukanda wa ziwa tayari zina muungano wao wa kiuchumi. Kama mmeweza kukaa pamoja kuzungumzia benki na barabara, mnaweza kukaa pamoja mkaagiza vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, kwa mkataba mmoja, wenye mita za mwinuko na nyuzi za joto zimeandikwa ndani yake kama masharti, na mkachagua maabara mbili au tatu zitakazopimia wote.

Kuhusu ile karatasi ya matokeo sitasema mengi, lakini nitasema kwa ukali. Acheni kutuma neno "ana" au "hana" peke yake. Marekani, kupitia kituo chao cha kudhibiti magonjwa, ilipendekeza tangu mwaka 2010 kwamba maabara ziandike na namba zenyewe. Mtu mwenye 0.33 na mtu mwenye 0.01 wote sisi tunawaita "hana". Mwenye 0.37 na mwenye 9 wote ni "ana". Damu ya mtu yule yule ikipimwa leo na wiki ijayo inaweza kuuruka mstari na kurudi, bila chochote kubadilika mapafuni mwake. Daktari akiona 0.33 ya mtoto anayelala na mgonjwa, pamoja na maandishi kwamba damu ilifika imechelewa, ataagiza irudiwe. Akiona "hana", ataita anayefuata. Mfumo wa ujumbe wa simu unaweza kubeba namba nne na sentensi moja. Unabeba matokeo ya mpira kila Jumamosi.

Lipo pia jambo la kipimo hiki kutumiwa mahali kisipopaswa. Kinasema seli zimekutana na mdudu. Hakisemi kama mdudu amelala au ameamka. Robo ya watu duniani wanakadiriwa kuwa wameambukizwa, na kati yao ni 5 hadi 10 tu kwa kila 100 watakaougua maishani, ingawa kwa mwenye HIV asiyetibiwa hatari ni kubwa zaidi sana. Kwa hiyo mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba katika nchi kama yetu vipimo hivi visitumike kutambua TB iliyoamka. Nilimwona mwendesha bodaboda mmoja aliyekuja na karatasi kutoka kliniki ya kulipia, kipimo cha damu "ana", na tayari ameanzishwa dawa za miezi sita. Hakuna aliyemwomba makohozi. Kikohozi chake kilikuwa cha vumbi na pumu. Alikuwa ameshauza kochi. Wakaguzi wenu wanaofunga maduka ya dawa yasiyo na leseni wanaweza pia kuuliza kliniki swali hili jepesi: makohozi yako wapi?

Na mwenye HIV, au mtoto wa chini ya miaka 5 anayeishi na mgonjwa, asisubirishwe kipimo hiki. Mwongozo wa dunia unaruhusu wapewe dawa ya kuzuia mara TB iliyoamka ikishaondolewa shaka. Ukimsubirisha damu isafiri na sahani ijae, umegeuza kipimo kuwa ukuta. Tena kwa wenye HIV walioishiwa na seli za CD4, zile za kinga ambazo virusi huziua, ndiko mrija wa nne hushindwa kuitika mara nyingi zaidi, kwa kuwa wa kuitika wamepungua. Katika kaunti kama Homa Bay, Siaya na Kisumu, ambako HIV imetutesa kuliko sehemu nyingi za nchi, hilo si jambo la tanbihi. Aina hii ya mirija minne imeongezewa vipande katika mrija mmoja ili seli za CD8, kundi jingine la seli za kinga, nazo ziulizwe. Inasaidia kiasi.

Nakiri pia, na wenzangu wa maabara watanicheka, kwamba kwa visiwa vyenye wahudumu wa afya ya jamii walio makini huenda jibu lisiwe maabara hata kidogo. Kuna vipimo vipya vya ngozi vinavyotumia protini zile zile, ESAT-6 na CFP-10, na Shirika la Afya Duniani lilivikubali mwaka 2022. Havidanganywi na BCG, na havihitaji inkubeta wala feri. Shida ya kurudi kusomwa mkono inabaki, lakini mhudumu anayeishi kijijini humo anaweza kumfuata mtu nyumbani. Mkichagua hivyo kwa Mfangano na Remba sitanuna. Mkichagua damu, basi ichagueni na safari yake.

Limebaki lile linaloninyima usingizi kwa uzuri wake. Watafiti wanajaribu kuzifundisha seli hizi hizi kujibu swali kubwa, la mdudu aliyelala na aliyeamka. Siri iko kwenye ngozi ya seli. Askari aliyerudi doria jana ana matope kwenye buti. Mstaafu ana medali tu. Seli iliyokutana na mdudu siku chache zilizopita hubeba alama kama CD38 na HLA-DR, na hupoteza nyingine iitwayo CD27. Utafiti uliofanywa kwa watoto nchini Tanzania na kuchapishwa mwaka 2014 ulitumia CD27 hiyo ukaweza kuwatambua watoto 83 kwa kila 100 waliokuwa na TB iliyothibitishwa, kwa damu, bila makohozi. Aliyewahi kujaribu kumtoa mtoto wa miaka mitatu makohozi anajua kwa nini nilisoma sentensi hiyo mara mbili. Na hapa kwetu, watafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Emory kule Atlanta wamezichunguza seli za namna hii kwenye damu ya watu wa magharibi mwa Kenya. Damu yetu imo kwenye majarida ya dunia. Kwenye wodi zetu kipimo hakijafika.

Kusoma alama hizo kunahitaji mashine inayopitisha seli moja moja mbele ya miale ya leza. Mashine za ukoo huo tulikuwa nazo, kwa ajili ya kuhesabu CD4. Baada ya mwaka 2016, kila mwenye HIV alipoanza kupewa dawa bila kusubiri CD4, nyingi zilikosa kazi. Ipo moja ninayoifahamu iliyofunikwa kitambaa cha meza chenye maua. Zile ndogo za kubeba mkononi haziwezi kazi hii, lakini zile kubwa zenye kusoma rangi kadhaa, fundi akizihuisha, zinaweza kuwa mwanzo. Naomba zihesabiwe, kaunti kwa kaunti, kabla hazijauzwa kama vyuma chakavu. Na mnapotia sahihi ruhusa ya utafiti mwingine wa damu ya watu wetu, ulizeni kabla ya kalamu kugusa karatasi: utafiti ukiisha, mashine inabaki na nani, vitendanishi vitatoka wapi, na nani kati ya vijana wetu atakuwa amejua kuiendesha. Tangu msaada wa Marekani ulipositishwa Januari 2025 tumejifunza jinsi maabara inavyoweza kubaki na mashine nzima isiyo na tone la kitendanishi.

Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2015 na 2016 ulikuta wagonjwa wa TB 558 katika kila watu wazima 100,000, na karibu wanne katika kila kumi walikuwa hawajagunduliwa. Wapo sasa hivi, kwenye boti, kwenye madarasa, kwenye vibanda vya Kibuye. Kipimo cha seli hakitawapata wote, na sijasema kitawapata. Kitatusaidia kuwajua wale wanaoishi nao.

Jumatano ijayo sanduku jingine linatoka Mfangano. Safari hii nimempigia sista mwenyewe. Nimemtumia mirija ya kijani kwa dereva wa matatu ninayemwamini, pamoja na kipimajoto cha friji nilichokinunua sokoni, na nimemwomba aandike saa ya kuchoma sindano kwenye kila mrija. Aliniuliza kama huo ni utaratibu mpya wa kaunti. Nikamwambia bado, ni wangu na wako tu.

Wenu katika kazi,

Mtaalamu wa maabara, Kisumu